Nyumba ya Chokaa Kiwanjani Kawale

Dada yangu mpendwa, Mama Furaha,

Amani ikufikie huko kambini Dzaleka. Binti yako ni mzima. Hapa Kawale, kwenye kiwanja kitupu, amechora nyumba chini kwa chokaa: sebule, jiko na chumba, bila ukuta hata mmoja. Huwakaribisha wapita njia waketi humo awachore. Mimi nilikatisha moja kwa moja nikamsalimu, na muuza nyanya mmoja kutoka Fizi akapiga kelele, "We baba! Unapita mu ukuta! Mulango njo huu!" Nikarudi nyuma, nikavua viatu mlangoni.

Adhuhuri mlinzi akaja na ufagio. Mwenye kiwanja alikuwa amemtuma afute nyumba yote. Alipofika penye mlango, adabu ikamshika, akasimama, akaita, "Odi!" Furaha akaninong'oneza, "Mujomba, tusiitike." Sote tulikuwa tumeketi juani mbele ya macho yake, tukanyamaza kama mawe. Akaita tena, na tena. Unajua kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka. Basi akamgeukia muuza nyanya aliyekuwa nje ya mistari, akamwambia kwa Kichewa, "Mama, mwenye nyumba akirudi, mwambie nilifika." Akaenda zake na ufagio wake.

Furaha alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mujomba, umesikia? Mi njo mwenye nyumba!"

Mungu akupe afya, dada, uje uketi sebuleni kwa binti yako kabla mvua haijanyesha.

Kaka yako akupendaye,
Elia