Namba ya Sitini na Nne

Baba yangu mpendwa,

Jumanne niliwasha kompyuta yako kuukuu mbele ya wanafunzi wangu hapa Migori. Ile ile uliyoachiwa na padri, iliyofanya watu wa Oyugis waseme fundi redio mzima anacheza michezo ya watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kuiwasha tangu tukuzike. Kaseti uliyohifadhia programu zako ilishaharibika, na kilichobaki ni daftari lako la hesabu, lile la miraba. Niliogopa kukuaibisha.

Unakumbuka ulivyonifundisha sprite, ile picha ndogo inayoelea juu ya picha nyingine? Ulipima miraba ishirini na nne kwa ishirini na moja, nami nikapaka penseli umbo la samaki ngege. Kila mstari tukaugawa mara tatu, miraba minane minane, na kila fungu likawa namba moja. Mraba wa kulia kabisa ulihesabiwa moja, unaofuata mbili, kisha nne, na kuendelea hivyo kuelekea kushoto. Mimi nikaanzia kushoto, kama mtu anayesoma, na kila fungu likageuka kivyake: mkia katikati, kichwa hakijulikani kiliko. Ulicheka mpaka machozi.

"Nyara, binti yangu, huyu umeshamkatakata! Bado kukaangwa tu!"

Kisha ukanionyesha kwamba chipu ya picha humpitisha samaki mbele ya matete yaliyochorwa nyuma yake bila kuyafuta. Ukitaka aogelee, unabadilisha namba za mahali alipo, basi. "Ziwa liache," ulisema. "Sogeza samaki."

Basi nikachora matete, kisha nikaandika namba zako zote sitini na tatu. Ngege akatokea mzima, akapita mbele ya matete, na hakuna hata tete moja lililofutika. Watoto hawa wa simu za kugusa wakapiga makofi!

"Madam, nani alitengeneza hii?" msichana mmoja akauliza.

"Babangu. Fundi redio wa Oyugis." Baba, nilijivuna, na sioni haya kusema.

Jioni nikaona daftarini kuna namba ya sitini na nne. Chipu haiisomi kabisa, nafasi yake huachwa tu. Wewe uliandika 9, ukaizungushia duara. Nikadhani ulikosea, halafu nikakumbuka mwaka ule nilikuwa na miaka mingapi.

Nimeiandika mahali pake. Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako