Fundi wa Upande wa Nje

Jumatatu, 3 Juni 2024
Karakana mpya kule bandarini itachukua mafundi boti – wenye cheti tu. Chuo cha ufundi kinatupima sisi tuliojifunzia kazini: unafanya kazi wakuone, ukiweza unapewa cheti. Nimejiandikisha, mimi na mdogo wangu Yona. Melania kafurahi, maskini mke wangu. Oda za boti za mbao zimekauka. Mzee Khamisi, fundi mkuu wetu hapa ufukweni, anasema hii tunayoijenga huenda ikawa ya mwisho.

Alhamisi, 6 Juni
Mkaguzi wa chuo kapita ufukweni, mama mpole. Eti kila mtu atapimwa peke yake. Peke yake! Kwa Mzee Khamisi boti ni ya watu wawili. Wa nje anachonga ubao, anaupachika, anagonga misumari. Wa ndani anafunga mataruma, zile mbavu za boti, na kukunja ncha za misumari. Tangu nije na Yona kutoka kijijini Kidahwe mimi ni wa nje, Yona wa ndani. Mzee alivyotupanga ndivyo tulivyobaki.
Nikamwambia Yona, kukunja msumari nako ni kazi? Hakucheka.

Jumatano, 12 Juni
Nimeumbuka.
Nje, safi. Mkaguzi kapapasa maungio, karidhika. Ndani – taruma limeacha mwanya wa kupitisha kidole. Msumari wa kwanza ukakatika, wa pili ukapasua ubao. Akaniuliza taratibu, kwani huwa unafanyaje? Nikasema, huwa namwita Yona.
Yona kafanya yote, nje na ndani. Kajifunza lini huyu? Anasema kila siku, kabla ubao haujaziba pengo, alikuwa ananitazama mikono kutoka ndani.
Mimi sikuwahi hata kuchungulia ndani. Nilijiona ndiye fundi, yeye msaidizi.

Ijumaa, 28 Juni
Majibu. Yona kapata. Mimi nirudie mwakani. Karakana inachukua watu sasa hivi.
Melania kapika ugali na dagaa, kanipakulia mimi kwanza kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 1 Julai
Yona kaanza kazi. Mzee Khamisi mgongo haumruhusu kuinama. Kasema, malizia, Gasper. Nimegonga ubao mzima, halafu nimekaa nazitazama ncha za misumari zilivyotokeza kwa ndani.
Namwonea wivu mdogo wangu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 6 Julai
Yona kaja na ovaroli ya buluu, bado ina mikunjo ya dukani. Shikamoo, kaka. Nikainama kuokota misumari. Kavua viatu, kaingia kwenye boti, kashika nyundo. Anasema niingie, atanielekeza, mwakani si mbali.
Anielekeze mimi, niliyemshika mkono kumleta hapa!
Nimemwambia nakwenda haja. Niko nyuma ya rundo la mbao, naandika. Namsikia huko ndani. Anakunja msumari mmoja, ananisubiri. Kisha anakunja mwingine.