Nywele za Bati

Ukunda,
Novemba 1998.

Kwa kaka yangu Musau,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mama na wanao, na kwamba mvua huko Mwala imenyesha ya kutosha mkaweza kupanda. Mama aendeleaje na kile kifua chake? Mwambie asichoke kujifukiza. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Akili ndiyo sijui niielezeje. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini, kwa sababu kila ninapotaka kuanza naona sijui kilichotangulia ni kipi.

Acha nianze na kazi, maana uliniuliza, na nasikia mama anawaambia majirani kwamba natengeneza mabati ya kuezekea. Mwambie sivyo. Huku pwani hewa ya chumvi haiiachi shaba ikae salama. Vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani ya makabati ya swichi huota ukijani, halafu hushika joto pale vinapoungana. Kwa hiyo Bwana Abdulaziz, mwenye karakana, huletewa vipande vipya na sisi tukavivisha bati. Tunaviosha mafuta, tunavitia kwenye asidi vitakate, tunavisuuza, kisha tunavitundika kwa waya ndani ya tangi la maji ya bati na mashine inapitisha umeme. Vinaingia vyekundu, vinatoka vyeupe kama fedha. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Aliyenifundisha ni Kibwana, fundi wa umeme. Unamjua, ni yule aliyekuwa akikaa nyuma ya msikiti pale Kombani, tulikokuwa na duka. Yeye ndiye anayekwenda hotelini kuvifunga vipande tukishavichovya. Kaka, alikuwa mwema kwangu kupita kiasi. Nikichelewa ananiwekea chai. Asidi iliponirukia mkononi alinishika akanipeleka bombani mbio kuliko ambavyo ningekimbia mwenyewe. Nilidhani ni tabia yake tu.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye hoteli moja upande wa Galu. Taa zilikuwa zinakatika ovyo. Kibwana alifungua kabati la swichi, akarudi karakana na kipande kimoja amekifunga kwenye karatasi, akakiweka mezani. Tulikipeleka juani. Kilikuwa kimeota nywele. Nakwambia ukweli, kaka, nywele, nyembamba kuliko utando wa buibui, zinameta, nyingine ndefu kama punje ya mchele. Nilipopuliza zikatikisika. Bwana Abdulaziz akasema audhubillahi, akarudi nyuma. Kibwana yeye hakukitazama kile kipande tena. Alikuwa ananitazama mimi.

Akaniuliza, "Hivi ulivichovya wewe?"

Nikamjibu ndiyo, ni mimi, na yeye mwenyewe alikuwepo.

Kesho yake alirudi Galu kuvitoa vyote. Walioshuhudia wanasema alifungua mlango wa kabati kabla hajazima umeme, jambo ambalo mwenyewe alikuwa akinikanya kila siku. Ndani kukalipuka moto wa buluu. Ulimwunguza mikono yote miwili na shavu la kushoto. Wakampeleka hospitali ya Msambweni.

Basi hapo maneno yakaanza. Hakuna aliyeniambia usoni, lakini wale kina mama tunaoosha nao vipande waliacha kunywa chai ya chupa moja na mimi. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba sisi watu wa bara tunajua kufunga vitu kwa uchawi. Nilikwenda nyuma ya karakana nikaitazama mikono yangu. Kaka, ulifika wakati nikajiuliza kama kweli kuna kitu ndani yangu ambacho mimi sikijui. Usinicheke. Ungekiona kile kipande ungejiuliza pia.

Bwana Abdulaziz, Mungu amjalie, hakuyakubali maneno hayo. Alimwita mhandisi mmoja kutoka Mombasa, naye alipoziona nywele hakushtuka hata kidogo. Alisema bati likiwa tupu lina desturi ya kuota nywele lenyewe, polepole, na nywele hizo zikigusa kipande cha pili umeme unapita mahali pasipo pake. Alisema ukilichanganya na madini ya risasi kidogo haliwi hivyo. Bwana Abdulaziz akakiri kwamba zamani alikuwa akichanganya, akaacha kwa kuwa bati tupu linang'aa zaidi na wateja wanalipenda. Nikamwuliza mhandisi kwa nini bati liote nywele kama kitu chenye uhai. Akakuna kichwa, akasema yeye hajui, na waliomfundisha nao hawakujua. Nilitamani angenidanganya tu.

Siku hiyohiyo alasiri akaja Mishi, mke wa Kibwana. Amevaa buibui, macho yamevimba. Aliniambia mumewe hali wala hanywi, anasema hatatia kitu kinywani mpaka mimi nifike. Nikafuatana naye Msambweni.

Nilimkuta amelala, mikono imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Aliponiona alianza kulia. Nikampa pole, nikaanza kumweleza habari za yule mhandisi na risasi. Hakunisikiliza. Alisema, "Mbithe, dada yangu, nifungue. Najua umejua. Ulijua tangu ulipoingia karakana, ukanyamaza, ukanifanyia kazi yako kwenye shaba. Sikulaumu. Lakini nina watoto. Nifungue."

Nikamwuliza nimejua nini.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa kitako.

Unakumbuka jioni ile ya fujo za mwaka jana za kutufukuza watu wa bara, duka letu lilipochomwa. Mimi na mama tulikuwa tumeshakimbilia kwa mapadri. Wewe ulikuwa umejificha kwenye mihogo ya jirani, ukamwona Salimu amesimama mlangoni petu na wale vijana, anazungumza nao, kisha moto ukawaka. Salimu aliyekula kwetu, aliyekuwa akimwita baba "mzee wangu". Asubuhi tulipokuwa tunapanda gari alikuja kukupa mkono ukatema mate chini. Sote tulikuunga mkono, mimi wa kwanza.

Kibwana aliniambia yeye pia alikuwepo, ng'ambo ya barabara. Alisema Salimu alisimama mlangoni akawaapia wale vijana kwamba duka lile ni lake, alishalinunua kwa mzee, na asiyeamini amchome yeye kwanza. Wakaanza kuondoka. Ndipo mmoja wao akamgeukia Kibwana, akamwuliza kama ni kweli. Kibwana alikuwa anaogopa. Akatikisa kichwa kukataa, halafu akawaonyesha mlango kwa kidevu. Hakutamka neno. Ni kidevu tu. Wakamsukuma Salimu kando, wakatia moto.

Kaka, nilisimama pale wodini nisijue nimwelekee nani. Mtu aliyenikimbiza bombani ndiye huyu. Aliyetuchomea ndiye huyu. Nikamfikiria baba, jinsi alivyokaa kwenye kiti huko Mwala akitazama ukuta, mpaka moyo wake ukasimama kabla ya Krismasi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka pia kumfuta machozi, maana mwenyewe hakuwa na mkono wa kujifutia. Niambie wewe, hiyo ni akili au ni wazimu?

Mishi naye alikuwa hajui lolote. Alikuwa ameketi sakafuni, amejiziba mdomo kwa ncha ya buibui. Baadaye akanishika gauni, akanisihi niseme tu kwamba nimemfungua, hata kama si kweli, ili ale.

Nilimwambia Kibwana, "Juu yako hakuna kitu kilichotoka kwangu. Hakikuwapo jana, na leo hakipo."

Hilo ni kweli tupu, kaka. Lakini yeye alilisikia kama msamaha. Alishusha pumzi ndefu, akamwambia Mishi ampe uji. Mimi nikatoka. Mpaka sasa sijui kama nilimsamehe au nilimwambia tu habari za bati. Nikiamka asubuhi nahisi nimemsamehe. Nikifika karakana nikaliona koti lake ukutani, nahisi nimejidanganya. Bwana Abdulaziz anasema akipona atarudi kazini. Sijui kama nitaweza kufanya kazi naye, wala sijui nitakwenda wapi kama sitaweza. Nilipomweleza Bwana Abdulaziz haya yote aliinamisha kichwa, akasema uamuzi wa nani abaki ni wangu. Sikutaka kupewa uamuzi huo.

Jambo moja tu ndilo nililolifanya bila kusita. Nilikwenda Kombani kwa Salimu. Hakunikaribisha ndani. Alisimama kizingitini, amekunja mikono, nami nikamweleza yote niliyoyasikia. Akasema, "Nilimwambia kaka yako pale garini. Hakunisikia." Nikamwomba radhi kwa niaba yetu. Akasema anayemdai radhi si mimi. Nikaona ameshafunga mlango wa maneno, nikaanza kuondoka, ndipo akaniuliza nyuma yangu, "Mzee wangu hajambo?"

Hakuwa na habari, kaka. Hakuna aliyempelekea. Nilipomwambia, mtu mzima yule alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika uso kwa kofia yake. Mkewe ndiye aliyetoka kunipa kigoda.

Alitaka kujua baba amezikwa wapi. Nimemwelekeza.

Kwa hiyo barua hii haikuja kwa posta. Salimu ndiye aliyeichukua kutoka mkononi mwangu mpaka Mwala, akamkabidhi binamu yetu Everlyn akuletee. Hakutaka uuone uso wake kabla hujasoma. Unaposoma hapa, yeye ameketi kwenye banda la Everlyn pale sokoni, anasubiri. Nilimwambia huenda usije. Akasema basi atazuru kaburi peke yake, kisha arudi zake.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na umsomee barua hii yote, usimfiche kitu. Wasalimie watoto na mke wako. Mimi nipo, na nitaandika nikishajua nitakaa au nitaondoka. Hili langu linaweza kungoja, kaka. Salimu yuko sokoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mbithe.