Chai Aliyonyimwa Kocha Odessa

Lewisville, Texas
Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Immaculate,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako Dedan, ambaye bado anapumua, bado ana kitambi, na bado anazunguka nyumba akitafuta miwani iliyo kichwani pake. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Nyeri ulikokwenda kumuuguza Mama, na kwamba nyonga yake inaendelea kupona. Mkumbushe kwamba daktari akisema atembee ana maana atembee sebuleni, si kwenda kukagua ng'ombe wa jirani. Sisi huku hatujambo. Majani yameanza kuanguka juu ya gari langu, na mke wangu anasema ndiyo mara ya kwanza gari hilo kupambwa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono na kumsumbua Kipchoge wa kanisani aibebe barua hadi huko, ilhali simu ipo. Dada, simu yako siku zote iko kwenye spika, na Mama hukaa karibu nayo kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Haya nataka uyasome peke yako kwanza, ukiwa umekaa. Usikunje uso. Hakuna mgonjwa, na Fiona wako ni mzima kabisa.

Kocha Odessa amefariki.

Najua umesema Mungu amlaze pema. Najua pia ulichoongeza moyoni: na chapati zangu alikula. Kisa hicho nimekusikia ukikisimulia harusini, mazishini, na mara moja mbele ya askofu. Jinsi kocha huyo, ambaye Texas nzima ilimwita mama wa mpira wa kikapu wa wasichana, alivyokuja kwako Pearland, kando ya Houston, kumtazama Fiona, akakaa kwenye kochi lako la wageni, akala chapati mpaka sahani ikang'aa, kisha baada ya siku chache akapiga simu kusema Fiona hafai katika timu yake. Halafu, kana kwamba hilo halikutosha, akaja Lewisville akamchukua Shiru wangu, aliyejifunza kurusha mpira kwa kumwiga Fiona huyo huyo.

Ndivyo watoto wetu walivyobadilishana nyumba. Wangu akavaa kijani cha chuo cha Houston na kula kwako Jumapili. Wako akavaa zambarau ya chuo cha Dallas, hapa karibu nami, akaja kumaliza maziwa yangu. Na wewe, mkazi wa Houston, ukawa shabiki wa zambarau mkali kuliko wote, kwa sababu timu hiyo ilikuwa ya Kocha Lorraine, aliyekuwa msaidizi wa Odessa kabla hawajakosana.

Zile mechi unazijua. Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wakitazamana kwa chuki kwa sababu ya rangi ya fulana. Odessa na Lorraine walipitana kando ya uwanja kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Na siku ile, wakati wa mapumziko, Odessa akapanda ngazi zote hadi ulipokaa, akakuomba kikombe kimoja cha chai. Ukamwambia imekwisha. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye kifuniko cha themosi yako, Dada. Yeye alitabasamu tu, akashuka polepole. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la pizza ukutani.

Sasa, Shiru aliponipigia na habari za kifo alikuwa analia mpaka nikadhani simu yake imeingia maji. Nikamuuliza matanga yanafanyikia wapi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto hawa wakitaka kuonyesha kwamba mzazi amepotea, kwamba huku watu hawafanyi hivyo. Kutakuwa na ibada baada ya majuma kadhaa, na asiyeweza kufika atatuma maua.

Nikamsimulia Clothilde, yule mama Mkongomani ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, anayekaa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas. Mpira wa kikapu hajui hata unachezwa na watu wangapi. Aliacha kukunja shuka, akanitazama kama amenikuta ninakula sabuni. "Mutu akikufa, batu banakuya," akasema, yaani watu huja. "Sasa ule bwana yake iko anaikala na nani?"

Kwa hiyo Jumamosi tukaondoka alfajiri kwenda Houston, mimi nikiendesha, Clothilde kando yangu na sufuria ya pilau miguuni, Fiona nyuma kati ya viti vya plastiki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara ya Arobaini na Tano. Ng'ombe walitokea upande wa kushoto wakiwa vichwa tu, bila miili, kisha wakafutika. Clothilde aliimba wimbo wa kilio kwa sauti ya chini, mpaka nikaanza kuhisi kwamba hatuendi Houston bali tunarudi nyuma, kwenye matanga ya Baba, na kwamba nikigeuka nitakukuta wewe kwenye kiti cha nyuma ukiwa na nywele zile za shule. Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa Fiona, macho wazi, hajalala hata kidogo.

Tulipita kwako Pearland kumchukua Shiru aliyekuwa akitusubiri hapo, nikamwagilia maua yako, nikapika chai na kuchukua themosi. Ndiyo, ile kubwa ya waridi jekundu. Endelea kusoma.

Bwana Walter, mume wa marehemu, alitufungulia mlango akiwa na soksi moja. Alidhani tumeleta chakula alichoagiza mtu mwingine. Nikamweleza kwamba hatukuagizwa na mtu, tumekuja kukaa. Akauliza kukaa kufanya nini. Dada, umewahi kujaribu kueleza matanga kwa Kiingereza ukiwa umebeba sufuria? Nikamwambia tunakaa tu. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka achoke nasi. Aliangalia viti ambavyo Clothilde alikuwa ameshaanza kuvipanga kwenye nyasi, akaenda kutafuta soksi ya pili. Jirani mmoja akaja kuuliza kama tunauza viti.

Shiru akawaandikia wenzake. Kufikia alasiri wakaanza kuja, wale warefu wa kijani, mmoja mmoja, wakiinama kupita chini ya matawi. Hewa ya Houston unaijua, ilivyo kama kitambaa kilichokamuliwa nusu. Kila mtu alionekana anatokea ndani ya maji. Nilimmiminia Bwana Walter chai. Aliinusa kwanza, akaniuliza ndani mna nini. Nikasema tangawizi. Akasema kumbe ndiyo hii. Mkewe alikuwa akimsimulia kila mara kwamba ndicho kitu kilichonukia vizuri kuliko vyote katika ukumbi ule, na kwamba alistahili kunyimwa. Hakuwahi kumweleza kwa nini alistahili.

Wakati huo kulikuwa na gari moja jeupe mtaani, mtu ndani yake, limekaa muda mrefu bila mlango kufunguka. Clothilde akaliona. Akaenda akagonga kioo, akamuuliza mwanamke aliyekuwemo, kwa kile Kiingereza chake kidogo, kama yeye ni mtu wa familia. Ananiambia mwanamke yule alifikiri sana, kisha akasema ndiyo. Basi Clothilde akamvuta mkono, akamfunga leso kiunoni, akampa sinia ya mandazi awapelekee watu.

Ndivyo Kocha Lorraine wa Dallas alivyotokea katikati ya timu ya kijani, kichwa chini, akigawa mandazi. Shiru ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, akachukua moja.

Mimi nilisinzia kwenye kiti, unajua ninavyosinzia nikishiba. Katika usingizi nikasikia mpira unadunda, polepole, kama moyo wa mtu mkubwa aliyelala. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka kati ya miti, na Shiru na Fiona walikuwa mbele ya gereji, chini ya kikapu cha zamani cha Odessa, wakirushiana mpira bila kufunga, kijani na zambarau. Kila mtu alikuwa anawatazama. Na Lorraine akaanza kuzungumza.

Alisema hakumkimbia Odessa kamwe. Odessa ndiye aliyemfukuza, akamwambia kwamba akiendelea kukaa kivulini pake atazeekea hapo. Kwa hasira akaondoka, na kwa hasira akajenga timu. Miaka yote hiyo hawakuongea isipokuwa mara moja, Odessa alipompigia simu ghafla kumwambia kuna msichana Pearland mwenye mikono mirefu, bora kuliko wote aliowaona mwaka ule, amchukue haraka. Lorraine akauliza kwa nini asimchukue mwenyewe. Odessa akajibu kwamba ameahidi kumkataa.

Mpira ukaacha kudunda. Fiona akaja akachuchumaa kando ya kiti changu, akanishika goti kama alipokuwa mdogo, akaniambia, "Mjomba, mimi ndiye niliyemwomba."

Siku ya chapati, Dada, ulimtuma amsindikize mgeni hadi kwenye gari. Mgeni haachwi aende peke yake, ndivyo tulivyowalea. Huko kwenye gari ndiko alikomwambia Odessa kwamba tangu baba yake afariki ninyi wawili mmekuwa mkipumua kwa pua moja. Kwamba akisoma Houston utakuja kwenye kila mazoezi na themosi, naye hataweza kukukataza. Odessa akamuuliza kwa nini asikwambie. Akasema ungekubali mara moja, kisha ungeenda jikoni kulia ukiwa umefungua bomba, naye angesikia, asiende popote. Odessa akafunga mkanda wa gari, akasema, "Basi niache niwe mimi niliyekataa. Akina mama wamenizoea."

Akabeba hilo, Dada. Akapanda zile ngazi kukuomba chai, nadhani, kuona tu kama unaendelea vizuri. Akashuka bila chai, na hakusema.

Fiona alinisihi nisikwambie. Tulipokuwa njiani kurudi, Clothilde amelala, akasema nikwambie, maana ni kazi ya mjomba. Anaogopa utadhani alikukimbia. Nilimwambia sijui utadhani nini. Mimi huwa sijui hata miwani yangu iko wapi. Lakini najua ulikuwa na miaka kama yake ulipoondoka Nyeri, na najua bomba la jikoni kwa Mama lilikuwa limefunguliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki nyumbani na Mama.

Ukitua Houston mwezi ujao atakayekupokea ni Fiona, peke yake. Ameomba hivyo. Msiende Pearland moja kwa moja. Themosi yako imebaki kwa Bwana Walter; nilipotaka kuichukua alikataa. Ameiosha, ameiweka mezani upande aliokuwa akikaa mkewe, na anasema ataitia mikononi mwa mwenyewe tu, ikiwezekana aje na tangawizi.

Msalimie Mama, umwambie namwombea na kwamba spika ya simu nayo ina haki ya kupumzika. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia uwaulize kwa nini. Shiru anasema anamdai shangazi yake chakula cha Jumapili nyingi. Usafiri salama, urudi polepole.

Ni mimi mdogo wako, mla mandazi ya matanga,

Dedan