Alama Saba za Tumboni

Jaipur, 9 Februari 2004

Mama,

Nagusa miguu yako. Hujambo? Kifua kinakuachia ulale? Na yule nyati wetu wa maziwa, bado anampiga teke kila mtu isipokuwa wewe? Mimi ni mzima, na hapo ndipo penye uchungu, maana polisi nilikoomba kazi wamesema si mzima.

Mbio nilimaliza wa tatu. Mtihani wa kuandika nilipita, urefu nilipita. Ikabaki kupimwa na daktari. Yule daktari akanifunua tumbo, akaziona alama saba. "Hizi nini, binti?" Nyuma yangu wasichana watano wa mjini walikuwa wanasubiri zamu. Nikaona haya. Ningesemaje kwamba kwetu mtoto mchanga akikohoa anachomwa chuma cha moto? Nikasema, "Operesheni." Akaandika: amepasuliwa tumbo, hana vyeti vya hospitali, hafai. Na mimi mjinga nikatia sahihi.

Ulimi wangu umeniponza. Nina siku thelathini za kukata rufaa, na mwaka huu ndio wa mwisho kwa umri wangu. Wenzangu wanafunga mabegi waende chuoni. Chumba kizima nimebaki peke yangu.

Binti yako,
Sayari


Rupakheda, 16 Februari

Mwanangu Sayari,

Uishi miaka mingi. Mimi sijambo, kifua ni kilekile. Nyati jana kampiga teke baba mdogo wako, kijiji kizima kikafurahi. Usinipigie simu ya dukani, simu ile inasikilizwa na watu kumi. Andika tu, nasoma mwenyewe sasa, polepole.

Operesheni! Kisu cha hospitali ulikiona wapi, mtoto wewe? Najua uliona haya kwa ajili yangu. Haya zangu niachie nizibebe mwenyewe. Nenda kwa daktari mwingine akutazame vizuri. Kovu la moto na kovu la kisu hayafanani, hata kipofu akipapasa atajua.

Na ule chakula. Usishindie chai.

Mama yako


Jaipur, 23 Februari

Mama,

Nagusa miguu yako. Natumaini umepata dawa ya kifua niliyompa dereva wa basi.

Daktari wa serikali amenipima kwa mashine, akaandika kwamba tumbo halijaguswa na kisu. Lakini karani wa rufaa anasema hiyo haitoshi, kwa kuwa nilishatamka operesheni na sahihi yangu ipo. Anataka hati ya kiapo ya mtu aliyenichoma, kwa jina lake.

Mama, siku hizi kuchoma mtoto ni kosa, watu wanashtakiwa. Na wewe kila baridi ikianza bado wanakuletea watoto mlangoni. Siwezi kukuomba kitu kama hicho. Barua hii nimeichana mara tatu.

Ila kuna jambo sijawahi kukuuliza. Kwa nini saba? Ulinisikia nalia, hukusimama?

Binti yako,
Sayari


Rupakheda, 1 Machi

Mwanangu,

Kama hujala, kula kwanza, ndipo usome.

Ulikuwa na siku ishirini. Kifua kinapiga filimbi, midomo imekuwa ya bluu, mvua imekata barabara. Kaka yako aliyekutangulia alikufa vivyo hivyo, na watu wote walinilaumu kwamba sikukubali achomwe. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi yako, lakini mkono ulikuwa unamtetemeka. Nikamnyang'anya chuma. Ulilia na mimi nikahesabu. Kwenye saba ukanyamaza. Nilidhani umekufa, kumbe umelala.

Sijui kama ni moto uliokuponya. Kwa kuwa uliishi, wakaanza kuniletea watoto wao, nami nikawachoma. Wawili hawakuishi, Sayari. Sijawahi kumwambia mtu.

Jana nilikwenda kwa wakili nikaapa. Sikuweka dole gumba, niliandika jina langu kwa herufi za darasa la akina mama. Hati imo humu. Usiniandikie kunishukuru.

Mama yako


Jaipur, 11 Juni

Mama,

Nagusa miguu yako. Hii ni barua ya tatu, na zile mbili hujazijibu. Unaumwa? Umenikasirikia?

Narudia, huenda zile hazikufika: nimepita! Mkuu wa bodi ya pili ya madaktari aliisoma hati yako mara mbili, akauliza, "Huyu mama bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akagonga muhuri: anafaa. Sasa niko chuoni. Jioni wenzangu wanafungua barua za kwao, mimi nafua soksi.

Gwaride la kumaliza ni tarehe 20 Desemba. Wazazi wana viti vyao. Tangu baba afariki sina mwingine wa kukikalia changu. Njoo, tafadhali.

Binti yako,
Sayari


Jaipur, 21 Desemba

Mama,

Gwaride limeisha. Kiti chako kilikaa kitupu, mwishowe mtu akaweka mkoba wake.

Jioni mlinzi wa lango akaniletea kopo la laddu, zile tamutamu za mviringo, za ufuta. Anasema kaliacha mwanamke mmoja, kajitaja kuwa jirani. Hazina iliki hata kidogo. Jirani gani huyo anayejua kwamba siipendi? Niambie ukweli. Mimi nimeshachoka kudanganya.

Sayari


Rupakheda, 29 Desemba

Mwanangu,

Uishi miaka mingi. Jirani huyo ni mimi.

Aprili walikuja askari wawili. Walinionya, wakachukua chuma. Hawakunipiga, hata chai walikunywa. Lakini tangu siku hiyo watu wanapita mbali na mlango wangu. Watoto wanapelekwa zahanati, na ni vizuri. Ila hata wale waliokuwa wakija kupiga soga hawaji tena. Barua zako zote nilizipata. Niliogopa jina langu likikufuata huko watakurudisha.

Langoni wanaandika jina la kila anayeingia. Jina langu si limo kwenye faili lako? Nikarudi nyuma, nikasimama kwenye uzio na wauza karanga. Ulikuwa mstari wa pili, wa nne kutoka kulia. Umekonda.

Mlipopiga saluti, na mimi nikapiga. Muuza karanga akacheka, akaniuliza, "Mama, na wewe ni askari?" Nikamwambia hapana, yule pale ni wangu. Ni yeye tu niliyemwambia.

Mama yako,
Dhapu