Swali Lako Lilifika Uswisi Likiwa Limegeuka

Mama mpendwa,

Leo si siku ya kukuombea kanisani, wala si siku uliyozaliwa. Ni Jumanne tu, umeme umekatika tena Likasi nzima ingawa bwawa la umeme la Koni liko hapo karibu, nami nimekaa mlangoni kwa sababu ndani hakuna mwanga wa kutosha. Barua hii nimeiacha wazi ili na wengine waisome. Nilikukosea mbele ya watu, basi nisikuombe radhi mafichoni.

Nitakuandikia kwa Kiswahili cha shule. Ulikuwa unakicheka, ukisema kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Lakini ukifika wakati wa wewe kusema, nitakuacha useme kwa Kiswahili chetu, kama ulivyosema. Mara hii sitabadilisha kitu.

Nianze na ile Jumapili ya kabla ya uchaguzi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye madirisha. Wewe ulikuwa mbele, pamoja na wanakwaya, kikwembe kipya kiunoni. Pasta alimleta mgombea mmoja, akampa kiti chake, kisha akasema Mungu amemwonyesha kwamba huyu ndiye mtu wake, na atakayempa kura mwingine atakuwa anashindana na Mungu. Watu wakaitika amina. Ndipo ukanyoosha mkono. Kanisani kwetu hakuna anayenyoosha mkono, Mama. Pasta mwenyewe alidhani unataka kutoa ushuhuda.

"Pasta," ukasema, "Mungu alikuambia weye peke yako, ao iko siku atatuambia na siye?"

Watu walicheka kwanza. Kisha wakamtazama Pasta, wakanyamaza.

Wiki hiyohiyo wakakuweka chini ya nidhamu. Usiimbe, usishiriki meza ya Bwana, ukae benchi la mwisho, na ndugu wa kanisa wasikusalimie mpaka utakapotubu. Sokoni, wale waliozoea kununua samaki wako wa barafu, tomson, wakawa wanapita meza yako kama vile hawaioni. Nilikuambia uhamie kanisa lingine, yako mengi hapa mtaani Panda, mengine unaweza kuyasikia ukiwa jikoni kwako. Ulinitazama kama nimekuambia uhamie familia nyingine.

"Minye sikugombana na kanisa," ukasema. "Niliuliza tu."

Ukaendelea kwenda kila Jumapili. Ukakaa nyuma. Nyimbo zilipoanza uliziimba kwa midomo bila sauti, kwa sababu sauti ndiyo iliyokatazwa.

Miezi michache baadaye wakaja wale wageni watatu kutoka Ulaya. Walikuwa wanazunguka nchi kuuliza watu kuhusu uhuru wa kusema na uhuru wa dini, ili waandike ripoti itakayosomwa na mabalozi wa nchi nyingi. Walihitaji mtu wa kutafsiri Kiingereza, na mkuu wa shule ninakofundisha akanitaja mimi. Nilijivuna, sikufichi. Kiongozi wao alikuwa mama mwenye mvi zilizokatwa fupi. Aliniambia nimwite Elin tu, nami nikashindwa, nikawa namwita Madame Elin.

Tulikutana katika ukumbi wa shule. Pasta alialikwa kusema kwa niaba ya makanisa, akaketi safu ya kwanza. Alisema vizuri. Alieleza jinsi wakubwa wa mji walivyotishia kufunga makanisa kwa sababu ya kelele za muziki, bila kuwapa nafasi ya kujitetea. Yale yalikuwa kweli, na wageni waliandika mengi. Wewe ulikuwa umekaa katikati. Sikujua kama utasema. Madame Elin alipouliza kama kuna mama anayetaka kuongeza neno, ukasimama, ukashika kiti cha mbele yako kwa mikono miwili.

"Minye, serikali haikunifunga kinywa," ukasema. "Polisi haikunigusa. Kanisa yangu njo yenye ilinifunga kinywa, na ile kanisa ninaipenda. Haki ya kanisa ya kuniweka nyuma, na haki yangu ya kuuliza, mu kitabu yenu inakala pamoja namna gani? Ninataka tu kujua."

Ukakaa. Wageni watatu wakanigeukia mimi. Nikainua macho, nikakutana na macho ya Pasta. Alikuwa ameinama mbele, ananitazama bila kupepesa.

Unakumbuka nilikuwa na nini wakati ule. Harusi yangu ilikuwa imebakiza wiki tano. Mchumba wangu alikuwa anafanya kazi kwenye mgodi wa Kakanda, wazazi wake walikuwa wazee wa kanisa lile, na Pasta ndiye angetufungisha ndoa. Hakuna aliyenitisha, Mama. Nilifungua kinywa nikasema kwa Kiingereza: "Mama huyu anasema waamini wanaishi kwa amani, na anaomba uhuru wa dini uendelee kulindwa."

Madame Elin akakutabasamia. Akaweka mkono kifuani, akakushukuru. Wewe hukujua Kiingereza, lakini uso wa mtu ulijua kuusoma. Niliona ukimtazama yeye, kisha ukanitazama mimi, kisha ukatazama mikono yako.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa kampuni ya migodi, ukaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Maneno yangu ilikuwa mingi. Yako ilikuwa kidogo. Ingine ilibakia wapi?"

"Kiingereza ni kifupi, Mama."

Ukacheka. "Kizungu iko na bahati. Batu yake habachokake kinywa."

Hukuuliza tena. Jioni ulinipikia ugali wa bukari na majani ya sombe kama siku nyingine zote. Kwa nini, Mama? Nimelizunguka jambo hili miaka yote hii. Ulinihurumia? Ulitaka niseme mwenyewe? Au uliona nimeogopa, ukaona uoga wangu unatosha kuwa adhabu?

Siku ya harusi ulikaa nyuma. Pasta alikuwa ametuma mtu kusema kwamba ukiomba radhi, hata kwa neno moja, utakuja mbele ukae na wazazi. Nilikulilia nikiwa tayari nimevaa gauni. Ukanirekebishia kilemba changu, ukasema: "Niombe radhi juu ya kuuliza? Hapana. Uende. Minye nitakuona muzuri. Bale banakala mbele, banaonaka Pasta tu." Nilipogeuka kutoka madhabahuni na mume wangu, uso wa kwanza niliouona ulikuwa wako, kule mwisho kabisa, umesimama juu ya benchi ukipiga vigelegele. Hakuna aliyethubutu kukunyamazisha siku ile.

Miaka miwili baadaye ukatuacha, hata sikuwa nimekuambia nilichofanya. Nilidhani jambo limezikwa nawe. Sasa nikuambie usilolijua.

Mwaka jana kikundi cha kina mama wa huku kilialikwa Uswisi, kwenye mkutano wa nchi mbalimbali kuhusu haki za binadamu, kwenda kueleza habari za maji na vumbi la migodi. Walinichukua niwatafsirie. Ungeuona ule ukumbi, Mama! Kila nchi ina kibao chake na kipaza sauti chake, na kila msemaji anahesabiwa dakika zake. Zikiisha anakatwa, awe balozi, awe nani. Siku ya tatu mjadala ulikuwa juu ya dini. Nchi nyingine zilitaka mataifa yakubaliane kumzuia mtu anayeitukana dini. Nyingine zilisema anayelindwa ni binadamu, si dini, na binadamu anaweza kuuliza chochote. Nilikuwa nasikiliza kama mtoto, kichwa kinazunguka kila upande.

Ndipo balozi mmoja, mtu mpole mwenye sauti nzuri, akainua karatasi. Nchi yake huwafunga watu kwa kusema vibaya juu ya dini. Alisema hata kina mama wa kawaida katika mji wa migodi wa Kongo wameomba jambo hilihili, na akasoma kutoka kwenye ripoti: waamini wanaishi kwa amani, wanaomba uhuru wa dini uendelee kulindwa.

Niliyatambua mara moja. Yalikuwa maneno yangu, Mama. Walikuwa wameyaweka kinywani mwako. Ni kama ulikuwa umesimama katika ukumbi ule mkubwa, ukiwasaidia wanaofunga watu kwa sababu waliuliza.

Nilitoka nje. Jina la Madame Elin lilikuwa kwenye orodha ya waalikwa; nilimtafuta siku nzima, nikamkuta kwenye foleni ya kahawa, amezeeka kidogo. Alinikumbuka. Nikamwambia palepale, na kikombe mkononi, kwamba nilimdanganya kule Likasi. Nilitegemea akasirike. Aliweka kahawa chini, akatoa kalamu.

"Mama yako alisema nini hasa?"

Nikasema yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza. Aliandika, akasoma alichoandika, akanitaka nirudie sehemu ya mwisho.

"Angeweza kuondoka kwenye kanisa lile?" akauliza.

"Angeweza. Hakutaka. Alilipenda."

"Vitabu vyetu vinasema kanisa lina uhuru wa kujiwekea kanuni, na mtu ana uhuru wa kuondoka," akasema. "Lakini mama yako hakuuliza juu ya kuondoka. Aliuliza juu ya kubaki."

Mama, ningependa ungemsikia mtu mzima wa vitabu akisema hivyo. Niliona ametatizika kweli, na nikaona pia swali lako limempendeza, kama wewe ulivyokuwa ukifurahi mtoto akikuletea swali gumu.

Habari ikaenea kidogo kwenye ile baraza ya kahawa. Binti mmoja wa ujumbe wa upande wa pili, wale waliompinga yule balozi, alinifuata mbio. "Kwa hiyo tunaweza kusema mama yako aliteswa na dini?" Nikamwambia hapana, mama yangu alikufa akiwa mwanakanisa. Uso wake ukaanguka. Yule balozi mpole naye nilimfuata mwenyewe, nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu. "Lakini aliliheshimu kanisa lake?" Nikasema ndiyo. "Basi sikukosea sana," akasema, akanipa mkono, akaenda zake.

Kila upande ulitaka nusu yako. Nilikaa kwenye ngazi nikashangaa: mimi nilikuwa nimekukata vilevile kabla yao wote.

Madame Elin aliahidi kurekebisha, akatimiza. Chini ya ripoti sasa kuna marekebisho ya mistari minne, na swali lako liko pale lote. Nani huwa anasoma mistari ya chini, sijui. Nimeuchapa ukurasa ule kwenye karatasi, na leo asubuhi nimeipeleka kwa Pasta.

Amezeeka, Mama. Anatembea na fimbo, na kanisa sasa liko mikononi mwa mwanawe. Tulikaa uani. Nilimsomea karatasi kwa Kiswahili, nikamwambia kwamba siku ile nilibadilisha maneno yako. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata jibu nilikuwa nalo.

"Ninajua ulibadilisha," akasema.

"Unajua Kiingereza, Pasta?"

"Kingereza sijui. Lakini Mama yako alisema murefu, na yule mama muzungu akacheka muzuri. Mutu hachekake vile akisikia maneno kama ile."

Nikamuuliza kwa nini basi alinikazia macho. Alishangaa kweli, au alijua kujifanya ameshangaa.

"Kiswahili minye ninasikia! Bote mule ndani tulisikia. Ni bale batatu tu habakusikia. Nilikuangalia sababu nilikuwa ninangojea. Nilitaka kusikia batamujibu nini, sababu minye jibu sikukuwa nayo."

Alichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia yake. Hakuomba radhi kwa ile nidhamu, nami sikumwambia aombe. Aliniuliza tu ulikuwa unaimba sauti gani kwenye kwaya, ya kwanza au ya pili, maana amesahau. Nikamwambia ya pili.

Nimetembea toka kwake mpaka hapa nikijiuliza kama alisema kweli. Labda umri umemfundisha kujipamba. Labda macho yale yalikuwa kitisho, na leo anayaita kiu. Au labda ni kweli, na wiki zile tano za uoga nilijitengenezea mwenyewe, nikamnyamazisha mama yangu bila mtu yeyote kuniagiza. Wewe ulimjua tangu akiwa kijana anahubiri chini ya turubai. Ungenitazama mara moja ukaniambia. Na naona hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote: sikuwahi kumuuliza. Wewe uliuliza mbele ya kanisa zima, mimi nilikuwa na jirani yangu wa mtaa mmoja miaka yote hii, nikashindwa kumuuliza alikuwa akiwaza nini.

Pumzika salama, Mama. Hukunidai neno hili, lakini nalileta: unisamehe.

Ni minye, mutoto yako mwanamuke, mwenye alikutafsiria mubaya.