Kahawa Niliyoinywa kwa Mke wa Sheikh

Mpendwa Bimkubwa,

Nina aibu tangu Jumatatu, na hapa Maskati sina wa kumwambia isipokuwa wewe uliyelala Unguja.

Unakumbuka tulivyozunguka mitaani nilipogombea Baraza la Kutunga Sheria? Mimi na sare yangu ya uuguzi, wewe mbele na buibui lako, unapiga hodi utadhani mwenye nyumba ni wewe. "Huyu ndiye aliyekuzalisheni," ukiwaambia, "sasa mwacheni akusemeeni." Kila nyumba tuliandaliwa chai na vitumbua, na nikisita ukinifinya paja. "Cha mtu hakirudishwi. Ukiikataa chai yake, umeikataa na kura yake." Nikirudi tumbo ngoma, nawe unanicheka. Nikashindwa. Ukasema walioninyima watajuta wenyewe, ukaenda zako jikoni kukaanga samaki.

Hapa hakuna kura, Bimkubwa. Tangu nilipohamia, mwaka wa sitini na nne, nawauguza wanawake wa Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya mlima, majumbani mwao. Mwenye uchungu mgumu hubebwa kupitia njia ya mlimani mpaka mjini, na akikuta lango la mji limeshafungwa usiku, ndiyo basi tena. Sheikh wa hapa ana nyumba tupu karibu na msikiti. Wanawake wakaona ingefaa kuwa mahali pa kuzalia, wakakaa, wakanichagua mimi nikamwombe mkewe. Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja kama sisi aliyetangulia kuja huku, akanipigia vigelegele. Nakwambia kweli, nilijiona nimeshinda uchaguzi.

Jumatatu tukaenda. Ikaletwa halwa, kisha kahawa. Nikainywa, nikaisifu. Nikamiminiwa tena, nikanywa tena, ombi nalitoa huku nameza. Mke wa sheikh alinisikiliza kwa upole, akasema, "Inshallah kheri," kisha akaanza kuniuliza habari za karafuu. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Finjani zao zilikuwa chini mbele yao, zimejaa, hakuna aliyegusa yake.

Njiani Bi Zuwena akanieleza kwa sauti ya chini. "Hapa mwenye haja hanywi, mwanangu. Finjani huiweka chini mpaka ajibiwe. Ukishainywa, ushasema umeridhika. Miye nlidhani wajua, baba yako si wa huku huku?"

Baba ni wa huku, kweli, na jina lake ndilo lililoniingiza nchini. Ila adabu nilifunzwa na wewe.

Laiti wangenigombeza! Asubuhi nikakuta samaki mlangoni, wameniletea kama siku zote, na sikuweza kumla. Kule nilipokosa kura niliaibika peke yangu, na aibu ya mtu mmoja hupita. Hii nimewaingiza watu walioniamini, na wasio na mwingine wa kumtuma. Nilipowaambia wachague mtu mwingine, Bi Zuwena akanikatiza: "Nani mwengine? Weye ndo ushajua sasa. Jumamosi twarudi." Kesho ndiyo Jumamosi, nasi tutakwenda, ingawa sijui nitamtazama vipi mama yule usoni.

Ila mtoto wa Salma hakuweza kungoja. Salma ni jirani yangu, nilijua siku zake zimekaribia, na ndiye niliyekuwa nikimfikiria nilipokuwa nikiomba. Jana uchungu ulimbana, tukambeba, akajifungulia kule mlimani juu ya mawe, wanawake wametuzunguka na shela zao kuziba jua. Binti ni mzima, alhamdulillah, na mama yake mzima. Alipotulia akaniomba nimpe mtoto jina, kwa kuwa mikono yangu ndiyo iliyompokea.

Jina lako lilikuwa karibu kunitoka. Nikamtazama yule mtoto, vumbi la njia limemganda kwenye nywele, nikaona haya kulitamka mbele ya mtoto niliyemkosesha nyumba ya kuzaliwa.

Nikamwambia sina jina.

Mola akulaze pema, Bimkubwa. Radhi zako nazihitaji kuliko siku zote.

Binti yako